Wimbi Moja, Siku Tatu

Saa mbili asubuhi sindano ilikuwa kwenye alama ya kumi na nne. Saa tatu ilikuwa kumi na nne na nusu. Niliandika hivyo kwenye daftari kwa kalamu ya risasi, maana huku kwetu Rungwe wino hausikilizani na ukungu. Ukiandika asubuhi, kufika mchana herufi zimeota manyoya. Nikajimiminia chai, nikavuta shali mabegani, nikakaa kumsikiliza baba mkwe wangu.

Nasema kumsikiliza kwa mazoea tu, kwa kuwa sikio la mtu haliwezi kazi hiyo. Sauti ya mwanamume ikitoka kooni hutikisika mara mia na zaidi kwa sekunde moja, na kule aliko yeye sekunde moja ni mwaka wetu mzima. Kwa hiyo mtikisiko mmoja, wimbi moja la sauti yake, hupita kwenye waya wa simu kwa siku tatu. Linapanda siku moja na nusu, linashuka siku moja na nusu. Kazi yangu ni kuangalia sindano inavyopanda na kushuka, na kuandika kila saa. Madaftari yamejaza makabati mawili, na la tatu limefika katikati. Ukiyachukua yote ukayapitisha kwenye mashine, miaka arobaini na moja inakuwa sekunde arobaini na moja, na unamsikia mtu anasema: "Haloo. Haloo? Nani mwenzangu? Haloo. Mbona husemi?"

Basi, hayo tu. Kati ya neno na neno kuna ukimya wa miaka. Mwanangu wa pili nilimzaa katika ukimya ulio kati ya "haloo" ya pili na "nani".

Yeye yuko chini kwenye handaki, hatua mia mbili na kumi na sita kutoka kwenye kiti changu. Amesimama, mkono wa simu uko sikioni. Alisimama hivyo nikiwa na miaka ishirini na minne, nina mimba ya mtoto wa kwanza. Sasa nina sitini na mitano. Yeye ana arobaini na minane ile ile, na simu hajaishusha.

Gwamaka akaingia akijifuta matope viatuni. Ni fundi wa vipimo hapa kituoni, mtu wa miaka hamsini na kitu, tumbo mbele, sweta limefumuka kiwiko. Kila asubuhi huniamkia, halafu huuliza mzee kasemaje leo, nami hujibu kwamba mzee anavuta pumzi. Mzaha huo una umri wa miaka kumi na tisa na bado tunaucheka. Siku hiyo nilimjibu akacheka nusu, maana nyuma yake alikuwa amekuja Dokta Mwanahawa, na Dokta hakucheka.

Huyu Dokta Mwanahawa Shekue ni Msambaa wa Lushoto, ndiyo maana baridi yetu haimtishi. Kijana bado, hajafika arobaini. Desturi yake ni kuzungumza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye mashine, kama mtu anayemshika ng'ombe asimkimbie. Siku hiyo alivuta kigoda, akaketi karibu na magoti yangu, nikajua kuna habari.

Akaniambia kwamba Upindo unaolizunguka Shimo unasinyaa.

*

Shimo lenyewe hakuna aliyewahi kuliona. Ni dogo kuliko chembe ya ulezi. Waliligundua watu waliokuwa wanachimba handaki la kutafuta mvuke wa ardhini. Mmoja wao aliangusha nati, nati isianguke chini, ikaenda upande, ikagonga mwamba na kuganda pale. Wakaangusha nyingine. Ikafanya vile vile. Wakaacha kazi, wakatoka nje, na mmoja aliapa hatarudi hata akipewa shamba.

Wasomi walipokuja walisema ni shimo jeusi, ndugu wa yale yaliyoko mbinguni yanayomeza nyota, ila hili ni kama kifaranga. Wakapiga hesabu. Hesabu zikasema shimo dogo hivyo lilipaswa kuwa limeungua likaisha zamani, au kama ni zito basi lingekuwa limezama hadi kitovu cha dunia. Halikufanya hili wala lile. Lilikaa tu ndani ya mwamba wetu, kimya. Tena mahali palipolizunguka, pale muda unapokwenda polepole, pangetakiwa pawe pembamba kuliko unywele, lakini palikuwa na upana wa chumba. Tulipaita Upindo, kwa kuwa pamelizunguka Shimo kama upindo unavyoizunguka kanga.

Dokta aliwahi kunieleza kwamba wana vitabu viwili. Kimoja kinaeleza vitu vikubwa, jua na nyota na namna vinavyovutana. Kingine kinaeleza vitu vidogo kuliko vumbi. Kila kimoja ukikipima hakikosei. Lakini kwenye Shimo unavihitaji vyote kwa pamoja, na ukivifungua meza moja vinagombana kama wake wenza. Gwamaka naye alinionyesha kwa sumaku ya mlango wa friji. Aliinua pini kwa kile kijisumaku, akasema, tazama mama, dunia nzima pamoja na milima yake inaivuta hii pini irudi chini, na inashindwa. Mvuto ni dhaifu hivyo, na kwa nini ni dhaifu hakuna ajuaye. Niliitazama ile pini muda mrefu. Kitu dhaifu kiasi hicho ndicho kilichomkamata baba mkwe wangu.

Sasa Dokta akasema Upindo unarudi ndani, kila mwezi upana wa vidole vitatu hivi. Kwa hesabu zake, ambazo mwenyewe anaziamini nusu, baada ya miaka minne na miezi kadhaa utakuwa umebaki upana wa hatua mbili. Hapo Shimo litazama, na litaondoka na kila kilichomo ndani ya hatua hizo mbili. Simu imepigiliwa ukutani, na Shimo liko nyuma ya ukuta huo. Baba mkwe yuko hatua moja kutoka ukutani.

"Akirudi nyuma hatua mbili, Upindo utampita na atabaki nje, mzima," Dokta alisema. "Akibaki pale alipo, ataondoka nalo."

Nikauliza anayeondoka nalo anakuwaje. Akasema wenzake wengine wanadhani mtu huvutwa akawa uzi. Wengine wanadhani hapotei, kila kitu chake hubaki kimeandikwa juu ya uso wa Shimo, ila hakuna wa kusoma. Wengine wanasema kwake yeye ile sekunde haitaisha, atakaa ndani yake hadi nyota zizimike, na hatajua kwamba kuna kilichotokea.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema sijui, Bibi. Na nimelisomea hilo miaka kumi na miwili."

Kisha akatoa karatasi. Kituo hakitaki kumgusa mtu bila ruhusa ya nduguze. Mke wake alishafariki. Wanawe walishafariki, na wa mwisho alikuwa Lwitiko, mume wangu. Wajukuu hawamjui. Aliyebaki ni mimi. Nikisema aitwe, ataitwa. Nikisema aachwe, ataachwa, na hakuna atakayenilaumu. Nilikuwa na siku tisa za kuamua, kwa sababu neno moja la kumwambia linachukua mwaka kumfikia, na siku zilikuwa zinakwenda.

*

Chini, mlangoni mwa handaki, wameweka kioo kikubwa kinachoonyesha picha. Mwanga unaotoka kwake macho hayauoni. Unanyooshwa njiani mpaka unakuwa mawimbi mafupi, yale yale ya redio za zamani. Antena inayashika, mashine inayageuza picha yenye ukungu, mpya moja kila mwezi. Nimeziona zote. Na kila mara naanza kwa kufunika uso kwa shali, halafu nakumbuka kwamba haniangalii.

Kwetu sisi mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwa chuki, ni heshima. Akija njia uliyopo unaingia migombani mpaka apite. Yeye naye akikaribia nyumba hukohoa, ili upate nafasi ya kujificha, na ikitokea mkakutana uso kwa uso hugeuka akarudi alikotoka kama aliyekanyaga kaa la moto. Jina lake hulitamki, na hata maneno yanayofanana nalo unayazunguka. Wengi siku hizo walikuwa wameshaiacha desturi hiyo, lakini nyumba ya mume wangu haikuiacha. Miaka miwili niliyokuwa nimeolewa nilimjua kwa kikohozi chake, kwa viatu vyake vyenye chokaa, na kwa kuta zake, maana alikuwa mwashi na hakuna mwashi aliyenyoosha ukuta kama yeye.

Kituo kilimchukua ajenge ukuta mbele ya Shimo. Watu walicheka alipoumaliza upande wa kwanza, kwa kuwa ulikuwa umeinama waziwazi. Yeye akawaonyesha timazi yake. Kile kipande cha chuma kilikuwa kinaning'inia kwenye uzi, nacho kimeinama vile vile, kinavutwa na Shimo. Akasema jicho ndilo linalodanganya, yeye anafuata timazi. Lwitiko alinisimulia hayo akicheka hadi machozi. Ukuta ule bado upo kwenye picha, umenyooka kwa timazi na umepinda kwa kila mtu mwingine.

Mimi nilikuwa na darasa la saba na mwandiko mzuri, nikapewa kuangalia saa. Zilikuwa mbili, moja ikionyesha muda wa chini na nyingine wa juu. Kila robo saa nazilinganisha na kuandika. Saa ya chini ikichelewa kwa nusu dakika, ninyanyue simu niseme tokeni. Neno moja. Hata mtoto angeweza.

Siku ile wenzake walikuwa wametoka kunywa chai. Yeye alibaki amalizie mstari wa matofali. Nikatazama saa ya chini, imechelewa dakika nzima. Nikanyanyua simu. Ikaita. Upande wa pili ikanyanyuliwa, na sauti ya baba mkwe wangu ikasema haloo sikioni mwangu.

Niliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mdomo ulifunguka, neno halikutoka. Nikaulaza mkono wa simu juu ya meza, taratibu, kama kitu kinacholala, nikatoka mbio kumtafuta msimamizi ili yeye aseme. Nilimkuta getini. Tuliporudi, saa ya chini ilikuwa imesimama.

Waliandika kwamba waya ulikuwa na hitilafu. Nikawaacha waandike. Wiki ile ile niliomba kazi ya kuangalia sindano, na watu wakasema, tazama mkamwana mwaminifu.

*

Siku ya sita ya zile tisa nilishuka kwenye kioo nikakaa kwenye benchi na kisu na kikapu cha ndizi za kumenya, maana mikono ikiwa na kazi kichwa kinatulia.

Nilifikiria maneno ya Lwitiko. Alifariki kwa kifua, miaka sita iliyopita, na jioni moja kabla hajaishiwa sauti aliniambia: "Mwache baba na siku yake. Kule mama bado yuko jikoni, na mimi bado kijana. Usimtoe huko ukamleta makaburini." Nilimwitikia. Mtu wa kitandani unamwitikia.

Lakini kwenye picha kulikuwa na kamba. Ilikuwa katikati ya hewa, nyuma ya bega la baba mkwe, imejikunja kama moshi wa jikoni. Lwitiko aliirusha siku ile ile ya ajali. Alikimbia kutoka shambani bila viatu, akarusha, na Upindo ulikuwa bado unapanuka, wenzake wakamvuta nyuma na ncha ikamponyoka. Kamba ikaingia yote, ikapunguza mwendo, ikaelea. Kila mwezi husogea kidogo. Lwitiko amezeeka, amekufa, amezikwa, na kamba yake bado inakwenda kwa baba yake.

Nikajiuliza nifuate lipi, mdomo wa mtu anayekufa au mkono wa yule kijana asiye na viatu. Nilimenya ndizi hadi kikapu kikaisha. Kama ningesema aachwe, ningeweza kusema ni wosia wa mume wangu, na kila mtu angenisifu tena. Hapo ndipo nilipojigundua. Nilikuwa nautaka ule wosia kwa sababu ungeondoka na siri yangu.

Nikapanda juu. Dokta na Gwamaka walikuwa wanabishana nani amwite mzee. Gwamaka alitaka sauti ya msimamizi wa zamani, iliyobaki kwenye kanda. Dokta alitaka king'ora. Nikawaambia king'ora kitamfanya aangalie juu, na msimamizi atamfanya aulize kwa nini, kwa sababu mtu yule hata akiambiwa kula huuliza kwa nini, na swali lake moja linakula miaka miwili. Anahitaji kitu cha kumrudisha nyuma kabla hajafikiri.

Dokta akauliza kitu gani hicho.

"Mimi," nikasema.

Nikawaeleza, tangu saa zile mbili hadi mkono wa simu uliolala mezani. Nilieleza polepole, sikuruka kitu, hata rangi ya kitambaa cha meza niliitaja. Waya haukuwa na hitilafu. Aliuliza nani, akauliza mbona husemi, na aliyekuwa hasemi ni mimi. Gwamaka alivua kofia yake akaitazama ndani kana kwamba kuna kilichoandikwa. Dokta aliushika mkono wangu.

Baadaye kidogo Gwamaka akasema, kwa sauti ya mtu anayepima: "Mama, ukimwita kwa jina lake, atadondosha simu."

"Atarudi nyuma," nikasema. "Miguu yake itarudi yenyewe."

*

Kurekodi kulikuwa kwa sekunde mbili na kulichukua siku mbili. Mara ya kwanza nilisema baba yake Lwitiko. Dokta akasema kwa upole kwamba ni refu, tena halimshtui mtu. Mara ya pili nilifungua mdomo nikakohoa. Mara ya tano nililia, na kilio nacho kikarekodiwa, Gwamaka akakifuta. Nilikwenda peke yangu katikati ya michai, nikalisema lile jina kwa majani. Lilikuwa geni mdomoni kama jino la kubandika. Nilirudi. Gwamaka, ambaye ni Mnyakyusa mwenzangu na mama yake aliishi kwa desturi ile ile, alitoka nje akafunga mlango ili asisikie.

"Angumbwike, rudi nyuma."

Nilisema mara moja, kwa sauti ya wazi, sauti ya kumwita mtoto aliye karibu na kisima. Kisha nikashika uso wangu kwa mikono miwili, na Dokta akazima mashine.

Waliinyoosha sauti yangu kama mtu anavyonyoosha uzi wa pamba, sekunde moja ikawa mwaka. Wakaanza kuituma. Mwaka wa kwanza nililitamka jina lake. Asubuhi nikiandika sindano nilijua kwamba wakati huo huo, chini, naita. Nikipika, naita. Nikienda kanisani naita, na nikilala naita. Masika ya mwaka wa pili nilikuwa bado namwambia rudi.

Mwaka wa tatu nilinyamaza, sindano ikasimama. Haikupanda wala kushuka kwa miezi minne. Gwamaka aliacha mzaha wake. Halafu kwenye picha ya mwezi wa tano macho yalikuwa yamefunguka zaidi, na kwenye ya mwezi wa sita vidole vilikuwa vinaachia simu. Mwezi wa nane kisigino cha kulia kilikuwa kimeinuka kutoka sakafuni. Dokta aliitazama ile picha, akatoka nje, nikamsikia anazunguka nyumba mara tatu akizungumza peke yake Kisambaa.

Alikuwa anarudi nyuma huku Upindo nao unarudi ndani, wanapishana. Na kadiri ukingo ulivyomkaribia, muda wake ulianza kuukimbilia wetu. Mguu wa kwanza ulichukua mwaka kasoro. Wa pili ulichukua wiki tano, na picha zilizokuwa zikija kila mwezi zikawa zinakuja kila dakika. Mkono uliokuwa na mwiko wa uashi ulishuka kwa mchana mmoja, sisi tumekaa kwenye benchi tunautazama kama watu wanaotazama mwezi ukipatwa. Hakuna aliyetaka kwenda kula.

Asubuhi ya mwisho kulikuwa na ukungu uliofika hadi mlango wa handaki. Sikutaka kumwona akitoka. Niliketi nje kwenye kiti, kwenye ubaridi, na shali langu. Ndani nikasikia kitu kikidondoka chini, kizito na laini. Gwamaka alinisimulia baadaye kwamba ilikuwa ile kamba. Ilimaliza safari yake, ikaanguka miguuni pa mzee. Kisha ukasikika mngurumo mdogo, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Ukuta uliopinda ukaondoka na simu na Shimo, kwenda tusikokujua.

Halafu, kwenye kona ya handaki, mtu akakohoa mara mbili.

Magoti yangu yaliinuka yenyewe. Nilisimama natafuta mgomba wa kujificha, mwanamke wa miaka sitini na tisa, na hapakuwa na mgomba, palikuwa na ukungu tu. Akatokea. Mwanamume mfupi kuliko nilivyodhani, chokaa kwenye nyusi, mwiko mkononi, na saruji kwenye mwiko bado mbichi. Akaniona. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Nikavuta shali hadi machoni.

"Marahaba," nikasema.

"Samahani, mama. Hapa hakuna mwanamke kijana, ana mimba? Ni mkamwana wangu. Nimemsikia kwenye simu ananiita jina, na hawezi kufanya hivyo bila kuwa na jambo. Mwambieni mimi nasimama hapa, nimegeuka. Apite aende zake, asione haya."

Na akageuka kweli, akaelekeza uso kwenye mwamba.

Nikamwambia hakuna mwanamke kijana. Nikamwambia simu niliishika mimi, mara zote mbili, na kwamba mara ya kwanza nilinyamaza. Nilimwambia miaka. Mgongo wake haukusogea. Ukungu ulikuwa unapita kati yetu kuelekea kwenye michai.

"Mbona hukusema?" akauliza. Sauti ile ile, mawimbi yale yale niliyoyaandika moja moja, sasa yamepita yote kwa mara moja.

"Niliona haya, baba."

Kisha akauliza kamba imetoka wapi. Nikasema Lwitiko ndiye aliyeirusha. Hakuuliza yuko wapi. Nadhani aliusikia kwenye sauti yangu ule muda wote. Akaulaza mwiko chini, akaingiza mkono mfukoni, akatoa timazi na kuiachia ining'inie mbele yake. Ilipepesuka huku na huku. Tukaingoja, yeye kwa macho na mimi kwa masikio, mpaka ikatulia. Ilining'inia wima kabisa. Akaitazama kama mtu anayesoma barua fupi mara nyingi.

"Nipeleke kwake," akasema. "Wewe tangulia. Mimi nitakuja nyuma, kwa mbali."

Nikatangulia. Njia ile ya makaburini inapita kati ya michai, ni ya kuteremka, na asubuhi huwa na utelezi. Nilikwenda kwa magoti yangu haya. Nyuma nilisikia hatua zake, hatua za mtu wa miaka arobaini na minane, zinakaribia kisha zinapunguza mwendo makusudi ili zisinifikie. Nikienda, zinakuja. Nikichelewa, zinasimama.

Kwenye mtaro, pale panapotakiwa kuruka, nikasimama. Sikugeuka. Nikanyoosha mkono wangu pembeni, nikamngoja. Kungoja ni kazi niliyoizoea.